Akili Yake Siku Ile: Mwongozo wa Kupinga Wosia Mahakamani

Wosia mara nyingi hutolewa kabatini wakati maturubai ya matanga bado yako uani, na hapo ndipo swali linapozuka. Mzee aliugua miaka miwili. Alikuwa akiwaita wajukuu kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa, akiulizia ng'ombe waliouzwa zamani, akiamka usiku kutafuta kofia ya kwendea kazini. Sasa inasomwa karatasi yenye sahihi yake inayompa mtoto mmoja shamba lote, na wengine hata majina yao hayamo. Wewe uliyeachwa nje unasema: mzee hakuwa na akili zake. Mwongozo huu unamhusu mtu aliye katika hali hiyo nchini Kenya, ambako jambo hili husimamiwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Niseme mapema ninachokiamini: mapingamizi mengi ya aina hii huanguka kwa sababu mlalamishi amejitahidi kuthibitisha jambo ambalo hakuulizwa. Amethibitisha kwamba mzee alikuwa mgonjwa. Amethibitisha kwamba mgawo haukuwa wa haki. Mahakama ilitaka kujua kama siku alipotia sahihi alijua anachokifanya.

Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinampa kila mtu mzima mwenye akili timamu uhuru wa kuusia mali yake kwa wosia, na kinasema wazi kwamba mwanamke, ameolewa au hajaolewa, ana uwezo huo sawa na mwanamume. Kisha kinasema kwamba mwenye wosia atahesabiwa kuwa na akili timamu, isipokuwa kama wakati wa kuutia sahihi alikuwa katika hali ya kutojua anachokifanya, iwe hali hiyo imeletwa na maradhi ya akili, maradhi ya mwili, ulevi au sababu nyingine yoyote. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba akili haikuwa timamu kinamtwika yule anayedai hivyo. Yasome maneno hayo polepole, maana kesi yako yote imo humo. Mlango wa sababu ni mpana: homa kali, dawa ya maumivu, sukari iliyoshuka mwilini, pombe, vyote vinaingia. Mlango wa wakati ni mwembamba: ni ule muda wa kushika kalamu. Ushahidi wowote unaouleta, hata uwe wa kuhuzunisha namna gani, utapimwa kwa umbali wake kutoka siku hiyo.

Kipimo cha "kujua anachokifanya" kilitolewa Uingereza mwaka 1870 katika kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow, na mahakama za Kenya hukitumia hadi leo. John Banks aliwahi kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliamini kwamba mashetani wanamfukuza, na kwamba mtu mmoja aliyekwisha kufa bado anamwandama. Hata hivyo aliandika wosia, akamwachia mali binti wa ndugu yake aliyeishi naye, na jamaa aliyeupinga wosia huo alishindwa. Jaji Mkuu Cockburn alieleza kwamba mwenye wosia anatakiwa aelewe kuwa anaandika wosia na matokeo yake ni nini; aijue mali yake kwa ujumla; awafahamu wale ambao kwa kawaida wangetarajia kukumbukwa; na asiwe na ugonjwa wa akili unaopotosha mapenzi yake kwao au unaomfanya agawe mali kwa namna ambayo asingeigawa angekuwa mzima. Mashetani ya Banks hayakuwa na uhusiano na nyumba zake wala na binti yule, kwa hiyo wosia ulisimama.

Kutokana na kesi hiyo utaona kwa nini ushahidi ambao familia huutegemea zaidi huwa mwepesi mizanini. Mzee asiyejua leo ni siku gani anaweza kuujua mpaka wa shamba lake hadi mti wa mwisho, na mti huo ndio sheria inaouuliza. Lakini kipimo hicho hukata pande zote mbili. Mtu aliyepoteza kumbukumbu huweza kubaki na adabu zake zote: atakuamkia vizuri, ataulizia watoto, ataomba dua bila kukosea, na wageni wataondoka wakiapa kwamba mama ni mzima. Maamkizi ni mazoea ya miaka mingi, na mazoea hudumu pale fikira zilipokwisha dhoofika. Basi shahidi wa upande wa pili akisema "tulizungumza vizuri", wakili wako na amuulize walizungumza nini. Je, mama alitaja watoto wake wangapi? Alijua kwamba ploti ya mjini ilishauzwa? Shahidi asiyeweza kujibu hayo ametoa ushahidi wa maamkizi tu.

Hali ambayo mimi naiona kuwa na nguvu kuliko zote ni ile inayogusa sehemu ya mwisho ya kipimo. Katika maradhi ya kupoteza kumbukumbu ni kawaida mgonjwa kuanza kuamini kwamba anaibiwa au anatiliwa sumu, na mara nyingi anayeshukiwa ni yule yule anayemlisha na kumwosha. Ikiwa mama alimnyima binti yake urithi kwa sababu aliamini ameiba pesa ambazo kwa kweli zilikuwa benki, na imani hiyo haikuondoka hata alipoonyeshwa kitabu cha benki, hapo ugonjwa umeingia ndani ya wosia wenyewe. Tofautisha hali hiyo na chuki ya kawaida. Mzazi anaweza kumkasirikia mtoto bila sababu ya maana, akakosea, akadanganywa na majirani, na bado akawa timamu. Unachotakiwa kuonyesha ni imani isiyo na msingi wowote, isiyosikia ushahidi, ambayo ndiyo iliyomfanya aandike alivyoandika.

Utaniambia: ugonjwa huu hauponi, unazidi kila mwezi, ikiwa alikuwa hajitambui Machi, atawezaje kuwa timamu Juni? Ni hoja nzito, na sheria imeipa nafasi. Mahakama za Kenya zimekubali kwamba mpinzani akithibitisha kuwa marehemu alikuwa amekwisha kupungukiwa na uwezo kabla ya tarehe ya wosia, mzigo humhamia anayeutetea wosia: yeye ndiye atakayeonyesha kwamba uliandikwa baada ya kupona au katika kipindi ambacho akili ilikuwa imetulia. Ila hoja hiyo hutegemea aina ya ugonjwa, na hapa familia nyingi huchanganya mambo. Dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu, huenda ikishuka polepole, na ushahidi wa Machi husaidia kuieleza Juni. Kuchanganyikiwa kwa mgonjwa aliyelazwa, kunakoletwa na maambukizi, kuishiwa na maji mwilini au dawa, ni kitu kingine. Huja na kuondoka, mara ndani ya siku moja, na mtu aliyekuwa akipayuka usiku huweza kuzungumza sawasawa asubuhi. Kiharusi nacho huweza kumnyang'anya mtu maneno na kumwachia ufahamu. Kwa hiyo kabla ya kumwambia wakili kwamba "mzee alikuwa amechanganyikiwa", tafuta kujua ugonjwa ulioandikwa na daktari ni upi, na ni lini ulitajwa kwa mara ya kwanza.

Ushahidi bora haumo kwenye barua ya daktari iliyoandikwa baada ya mazishi kwa ombi la familia. Umo kwenye faili la hospitali, na ndani ya faili umo katika kurasa ambazo watu huzipita upesi: karatasi za wauguzi. Daktari hupita mara moja kwa siku na kuandika mistari miwili. Muuguzi huandika zamu kwa zamu: saa nane usiku mgonjwa ameng'oa mrija wa dripu, anamwita mama yake, saa kumi na mbili asubuhi amekula uji, hajui yuko wapi, saa nne amepewa mofini, amelala. Sasa tuseme wosia una tarehe hiyo hiyo na mashahidi wanasema ulitiwa sahihi saa tano asubuhi kando ya kitanda. Mistari ile mitatu, iliyoandikwa na mtu asiyejua habari za shamba lenu, ina uzito kuliko hati za kiapo kumi za mabinamu. Angalia pia kama alipimwa kumbukumbu kwa yale maswali yanayotolewa alama kati ya 30: tarehe, mahali, kutoa saba kutoka mia, kuchora umbo. Alama hizo hazithibitishi peke yake kwamba hakuweza kuusia, kwani kipimo hicho hakiulizi juu ya mali wala watoto, lakini zikipimwa mara mbili au tatu huonyesha mteremko.

Hospitali ina wajibu wa kutunza siri za mgonjwa, hata aliyefariki, kwa hiyo usishangae ukikataliwa kaunta. Andika barua ya kuomba faili lihifadhiwe, utaje namba ya mgonjwa na tarehe alizolazwa, kisha wakili aiombe mahakama iamuru faili liletwe. Barua hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu faili za karatasi hupotea, huliwa na mchwa, hutupwa. Kusanya pia karatasi ndogo za maisha ya kila siku zinazokaribiana na tarehe ya wosia: fomu ya benki iliyokataliwa kwa kuwa sahihi haikulingana, barua ya chifu, ujumbe wa simu ambao ndugu wenyewe waliandikiana. Ikiwa ndugu anayeutetea wosia ndiye aliyeandika mwezi ule ule kwamba "mzee leo hanijui kabisa", huna haja ya shahidi mwingine mkali zaidi.

Kisha geukia karatasi yenyewe ya wosia. Kifungu cha 11 kinataka mwenye wosia atie sahihi au alama yake, na mashahidi wawili au zaidi, kila mmoja awe amemwona akitia sahihi au amesikia kwa kinywa chake kwamba sahihi ni yake. Shahidi anayerithishwa kitu katika wosia huo hupoteza alichopewa, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Uliza: mashahidi ni akina nani, nani aliwaita, na nani alilipa gari? Nani alimtafuta wakili? Wakili alizungumza na mzee faraghani, au maelekezo aliyapata kwa mtoto aliyesimama mlangoni? Mwandikie wakili huyo umwombe aeleze jinsi wosia ulivyoandikwa na kama aliweka kumbukumbu za mazungumzo. Wakili makini anayemwandikia mtu mzee au mgonjwa humwita daktari amwone kwanza, na mahakama nyingi za nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza zimesifu desturi hiyo. Kukosekana kwa daktari hakuubatilishi wosia. Kuwepo kwake, aliyeandika siku ile ile kwamba mzee alielewa, kutakupa kazi ngumu sana, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujalipa ada.

Wako wanaosema kwamba dhana hii ya kumhesabu kila mtu timamu inawapendelea wajanja, kwamba anayemzunguka mgonjwa kitandani anapata ulinzi wa sheria na walioko mbali wanaachiwa mzigo. Naielewa hasira hiyo, lakini siikubali. Fikiria ingekuwa kinyume. Bibi wa miaka themanini aliyeamua kumpa binti yake asiyeolewa kipande cha shamba angelazimika, akiwa kaburini, kuthibitisha kwamba hakuwa mwendawazimu, na wanawe wa kiume wangekuwa wa kwanza kusema kwamba ni uzee tu. Dhana hiyo ndiyo ngao yake. Na mjanja hakuachiwa hivi hivi. Kifungu cha 7 kinabatilisha wosia uliopatikana kwa ulaghai, kwa kulazimishwa, au kwa kusumbuliwa mno hadi mtu akapoteza hiari yake. Aidha, anayeandaa wosia unaomnufaisha mwenyewe hutakiwa kuiondolea mahakama shaka kwamba marehemu aliujua na kuukubali. Hii ni hoja tofauti na ya akili timamu. Ya kwanza inasema hakuweza kuamua, ya pili inasema aliweza ila hakuachwa aamue. Unaweza kuzileta zote mbili, lakini ziandike mbalimbali. Mpinzani anayezichanganya hujikuta akisema katika aya moja kwamba mama hakuelewa lolote, na katika aya inayofuata kwamba aliogopa na kutii.

Na ikiwa kinachokuuma hasa ni kwamba hukuachiwa kitu, pengine njia yako si hii. Mtu timamu ana haki ya kugawa vibaya. Kwa kulijua hilo sheria iliweka kifungu cha 26, kinachomruhusu mtegemezi kuiomba mahakama imtengee sehemu inayofaa, wosia ukiwa halali kabisa. Mjane na watoto wa marehemu hawahitaji kuthibitisha kwamba alikuwa akiwatunza. Wazazi, wajukuu na ndugu wanatakiwa kuonyesha kwamba aliwatunza hadi kufa kwake. Mahakama huangalia ukubwa wa mali, uwezo wa mwombaji, alichokwisha kupewa wakati wa uhai, mwenendo wake kwa marehemu, na sababu za marehemu kama zinajulikana. Hakuna haja ya kufukua maradhi ya mzee mbele ya watu. Ila ombi hilo halipokelewi baada ya hati ya usimamizi, ile ambayo mahakama humpa msimamizi wa mali, kuthibitishwa, basi usilifanye kuwa akiba ya mwisho.

Fanya pia hesabu ambayo wengi huikumbuka wamechelewa: wosia huu ukianguka, nini kitachukua nafasi yake? Kama marehemu aliandika mwingine zamani, ule wa zamani hurudi, kwa sababu asiye na akili timamu hawezi hata kufuta wosia wake wa kwanza. Kama hakuna, mali hugawanywa kwa kanuni za aliyekufa bila wosia: mjane hushika mali kwa maisha yake, na watoto, wa kike na wa kiume, hupata sawa, palipo na wake zaidi ya mmoja mali hugawanywa kwanza kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, mke aliye hai akihesabiwa kama mmoja wao. Andika majina yote kwenye karatasi na ugawanye. Ndugu mjomba anayegharamia kesi akitumaini shamba anaweza kugundua kwamba kwa kanuni hizo hapati hata pembe, maana watoto wapo.

Kuhusu mahakama yenyewe, adui mkubwa ni siku. Ombi la kuusimamia wosia likipelekwa, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa, na wapinzani hupewa muda usiopungua siku 30. Wasilisha pingamizi ndani ya muda huo. Pingamizi peke yake halitoshi: mahakama itakutaka uwasilishe jibu na ombi lako mwenyewe kwa tarehe itakayoitaja, na ukikaa kimya inaweza kuendelea kana kwamba hukuwapo. Hati ya usimamizi ikitolewa, huthibitishwa kwa kawaida baada ya miezi sita. Baada ya hapo bado unaweza kuomba ifutwe kwa kifungu cha 76, ukionyesha kwa mfano kwamba ilipatikana kwa kuificha mahakama jambo la msingi, lakini mali iliyokwisha kuuzwa na msimamizi mwenye hati huweza kubaki kwa mnunuzi. Kwa sababu hiyo weka kizuizi kwenye hati ya shamba katika ofisi ya usajili wa ardhi mapema. Kabla hati ya usimamizi haijatolewa, anayeuza au kugawa mali ya marehemu ametenda kosa la jinai, na wewe pia usiguse kitu, hata mahindi ya shamba.

Kwa Mwislamu mambo ni mengine, kwani urithi wake hufuata sheria ya Kiislamu na Kadhi ana mamlaka ya kuusikiliza pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali. Wasia hauvuki thuluthi moja ya mali, mrithi hausiwi juu ya fungu lake bila warithi wenzake kuridhia, na hata zawadi iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Mgogoro mwingi hutatuliwa na hesabu hiyo kabla mtu hajauliza habari za akili.

Wazee wa ukoo watakwambia kwamba mahakama huvunja familia na siri za mgonjwa hazianikwi. Wana haki ya kusikilizwa, na Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inazitaka mahakama kuendeleza usuluhishi, pamoja na ule wa jadi. Tangu mwaka 2016 mahakama imekuwa ikipeleka kesi za familia kwa wasuluhishi wake. Wazee hawawezi kuubatilisha wosia, lakini wanaweza kuwakutanisha watu wazima wakubaliane mgawo mwingine, nao ukiandikwa, ukatiwa sahihi na wote na kupelekwa mahakamani, jaji anaweza kuufanya amri. Ila usiende kwenye kikao hicho ukiwa na machozi peke yake. Wasilisha pingamizi kwanza, ili siku 30 zisipite mkinywa chai, kisha nenda na nakala ya karatasi za wodi na nakala ya wosia, uziweke mezani zikiwa zimefunguliwa penye tarehe.